Mizani ya Mama: Nani Abaki na Mtoto?

Swali la haki tumezoea kulitafuta mahakamani, bungeni na katika vitabu vya wanafalsafa. Leo nakuomba tulitafute jikoni, penye mafiga matatu na chungu cha maharage, mahali ambapo hukumu hutolewa kila siku bila jaji kuvaa joho wala karani kuandika.

Jiko ninalolikusudia liko Mabamba, kata ya wilaya ya Kibondo mkoani Kigoma, kwenye nyanda za juu za Waha, karibu na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya wakulima wa maharage, mahindi, muhogo na ndizi, na iko mbali na harufu ya bahari yetu. Mama ninayemsema simtaji jina, kwa kuwa si mmoja. Nimemchora kwa mfano wa wengi. Ana watoto sita. Wa kwanza ni binti wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita. Anayemfuatia ni mvulana wa miaka kumi na mmoja. Kisha wako watatu wadogo, na wa mwisho ameachishwa ziwa juzijuzi: mzito wa kubebwa mgongoni siku nzima ya jembe, mdogo wa kuachwa peke yake.

Kesho ni palizi. Magugu hayangoji, na maharage yakisongwa leo, njaa ya miezi ijayo imekwisha kupandwa. Baba amekwenda kwenye kibarua. Basi nani abaki na mtoto?

Jibu hutoka haraka mno: abaki binti. Na ni wepesi huo wa jibu unaonitia shaka, si jibu lenyewe.

Tuanze na lililo jepesi. Mama anapogawa chakula hagawi sawasawa, na hakuna amwonaye dhalimu. Aliyetoka homani hupewa yai peke yake. Aliyeshinda na jembe huongezewa ugali. Mdogo huchambuliwa dagaa. Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba haki ni kuwatendea sawa walio sawa, na wasio sawa kwa kadiri ya tofauti yao. Mama wa Mabamba hakuhitaji kumsoma ili alijue hilo. Ukimuuliza kwa nini yule kapewa yai na huyu hakupewa, atakujibu kwa neno moja, na hata aliyenyimwa atalielewa. Isitoshe, yai la leo laweza kulipwa kesho.

Lakini siku ya shule si yai. Somo la sehemu lililofundishwa Jumanne halirudiwi Jumatano kwa sababu fulani hakuwapo. Siku moja hairudi, na siku ishirini zikikusanyika huwa mlango uliofungwa, ingawa hakuna mkono ulioonekana ukiufunga. Nadhani hapa ndipo ulipo mpaka ambao maadili ya nyumba yapaswa kuuchunga: tofauti inayoweza kufidiwa ni mgao, isiyoweza kufidiwa ni hatima. Mama ana ruhusa pana katika mgao. Katika hatima, ruhusa yake ni nyembamba.

Atasema mtu kwamba shule siku hizi ni bure. Ni kweli kwamba ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Ni mambo ya kushukuriwa. Ila waraka wa Serikali huweza kufuta ada. Hauwezi kufuta kazi ya kumbeba mtoto. Ada iliyobaki hailipwi kwa fedha. Hulipwa kwa saa, na mara nyingi mlipaji ni yule yule.

Wala tusidhani kwamba hii ni habari ya bara peke yake. Kwetu Unguja, tangu kilimo cha mwani kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, mama wa Paje au Jambiani hufuata maji ya bamvua yanapotoka, na bahari haimuulizi kama ana wa kumwachia mtoto. Mabamba magugu, Paje bamvua. Mlangoni, kwote kuwili, mara nyingi amesimama binti yule yule na mtoto kiunoni.

Wazee wetu waliliogopa sana jambo la kupendelea. Kisa cha Yusuf na nduguze wanakijua Waislamu wa pwani na Wakristo wa Kigoma: mapenzi ya baba yaliyodhihirika kwa mmoja yaliwasha husuda iliyomtia yule mmoja kisimani. Imepokewa pia kwamba baba yake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe huyo zawadi, na mama wa kijana, Amra binti Rawaha, akataka Mtume awe shahidi. Mtume alipouliza kama watoto wote wamepewa mfano wake na kuambiwa la, hakukubali kulishuhudia jambo hilo, akawausia kufanya uadilifu baina ya watoto. Lakini tazama: visa hivi ni vya vipawa. Mtoto akitunukiwa kitu, tunakumbuka kuita shahidi. Mtoto akitwishwa mzigo, nani huitwa kushuhudia? Upendeleo wa zawadi tumeuwekea lawama. Upendeleo wa mizigo tumeuita malezi.

Hata hivyo, haki inataka tumsikilize mama. Atatuambia kwamba binti anayemlea mdogo wake hujifunza huruma ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Kweli. Atatuambia kwamba naye alilelewa hivyo, akawalea wadogo zake, na hakufa. Kweli pia, ila hapo sauti yake hupungua kidogo, kwa sababu anajua alichokiacha. Atatuambia, mwisho, kwamba wasiopalilia hawavuni, na asiyekula hasomi. Hili ndilo zito kuliko yote, na asiyewahi kulala njaa asilijibu upesi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Simjibu kwa kumlaumu. Namjibu kwa kutenganisha mambo mawili: kumfanya mtoto asaidie, na kumfanya mtoto awe msaada. Anayesaidia ana maisha yake, na sehemu ya siku yake huwapa wenziwe. Aliyefanywa msaada hana siku. Siku zake zote ni akiba ya wengine. Mjerumani Immanuel Kant alishikilia kwamba binadamu asitumiwe kuwa chombo tu cha kufikia makusudio ya mwingine. Neno lenye uzito hapo ni hilo dogo, «tu». Ndugu hutumikiana, na nyumba isiyo na kutumikiana si nyumba. Dhuluma huanza pale mmoja anapokuwa daraja ambalo wote hupita, na yeye havuki.

Basi mama apimeje, jioni ile, kuni zikiwa mbichi na moshi ukimwingia machoni? Napendekeza mizani isiyohitaji elimu kubwa. Ajiulize: sababu nitakayompa binti huyu, ingebaki kuwa sababu kama angekuwa mvulana? Ikiwa anabaki kwa kuwa leo mdogo wake ana mtihani na yeye hana, hiyo ni sababu, na binti ataielewa kama alivyoelewa habari ya yai. Ikiwa anabaki kwa kuwa ni binti, hiyo si sababu. Ni desturi iliyovaa nguo za sababu. Mtoto huijua tofauti hiyo mapema sana, hata akinyamaza. Hasa akinyamaza.

Na mizani hiyo tusimkabidhi mama peke yake. Ni mzaha mchungu kumpa mtu chungu kisichojaa, halafu kumsimamia tukikagua mkono wake wa kugawa. Baba naye aulizwe siku yake ya kubaki ni ipi. Jirani aulizwe kama watoto wa nyumba tatu hawawezi kukaa chini ya mwembe mmoja na mtu mzima mmoja kwa zamu. Na sisi tusomao makala haya tukiwa tumeshiba tujiulize ni binti gani aliyebaki nyumbani ili sisi tusome.

Shaaban Robert alitunga utenzi mmoja wa wosia kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe wa kiume. Hakuwapa maneno mamoja, kwa kuwa hawakuwa mtu mmoja. Lakini kila mmoja alikaa naye chini, akamsemesha. Naona hiyo ndiyo sawa iliyo katika uwezo wa mzazi maskini: si fungu sawa, bali kila mtoto kuwa na haki ya kuelezwa.

Turudi Mabamba. Chungu kimeepuliwa. Binti anauliza, kwa Kiha chao, macho yakiwa kwenye sahani: «Mama, kesho niende?» Mama anatazama moto, kisha anamtazama mvulana. Kesho atabaki huyu, keshokutwa, binti, siku ya tatu mama mwenyewe atachelewa shambani. Matuta mawili matatu hayatapaliliwa kwa wakati, na maharage yake hayatajaza debe. Hiyo ndiyo bei, na mama anaijua kuliko mimi niandikaye. «Nenda,» anasema.

Mvulana ananuna. Atazoea.