Ziba Ufa Kabla ya Mvua

Msikilizaji wetu wa Zagayu na Simiyu nzima, kabla hujashika jembe kwenda kuandaa shamba la pamba, zunguka nyumba yako mara moja ukitafuta nyufa.

Udongo wetu mweusi wa mbuga una tabia yake: ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na msingi huyumba nao. Tofali bichi nalo likinywa maji hurudi kuwa tope.

Piga hesabu. Bati linalofunika mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 25, humwaga lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 za lita 20, zote miguuni pa ukuta wako. Maji hayohayo yakipata gata na tangi, yatafaa kufulia nguo na kumpumzisha mama na safari ya kisimani.

Basi gongelea msumari wa bati uliolegea. Chimba mfereji upeleke maji mbali, lakini usiyaelekeze kwa jirani. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndivyo ilivyo hata moyoni. Kinyongo kidogo tukizibe leo, mawingu yangali mbali.