Taka za Shamba Ndizo Zichague Mashine

Mjukuu wangu, picha za mashine za kukatia taka za shamba ulizonitumia nimezitazama zote, na ile ya rangi ya machungwa naelewa kwa nini imekuteka. Inang'aa, ina magurudumu, na kijana aliyeishika kwenye tangazo amevaa glavu ambazo hazijawahi kugusa mbolea. Umenieleza bei yake, umenieleza nguvu zake za farasi, umenieleza hata kwamba mwenye duka atakupunguzia ukilipa wiki hii. Hujanieleza shamba lako linaangusha nini. Mtu anayetaka mboji haanzii dukani. Anatembea kihambani mwake, shamba la kuzunguka nyumba, akiwa ameinamisha macho.

Basi tutembee. Hapo Machame una migomba, una kahawa chini yake, una miparachichi, una migrivea mpakani, na kila baada ya mavuno unapandisha mabua ya mahindi kutoka shamba la tambarare. Kila kimoja kina tabia yake mbele ya kisu, na hakuna mashine moja inayovipenda vyote. Anayekwambia ipo anauza.

Anza na mgomba, maana ndio mwingi. Shina lake ni maji matupu yaliyofungwa kwa nyuzi. Ukilisukuma kwenye mashine ndogo ya nyumbani, maji yanageuka rojo linaloziba tundu la kutokea, na nyuzi zinajisokota kwenye ekseli mpaka mota inanung'unika na kusimama. Mchana wako wote utaumalizia kuchokonoa nyuzi kwa kisu. Shina la mgomba ni kazi ya panga na gogo: katakata vipande, mpe ng'ombe anachotaka, kinachobaki kiende lundoni. Majani makavu nayo yatandike zizini. Hapo ndipo akili ya kihamba ilipo, na nyinyi mliosomea mjini mnaipita bila kuiona. Ng'ombe wa zizini anatafuna, anakanyaga, anakojolea. Kinachotolewa chini ya kwato zake baada ya wiki kadhaa kimeshapondwa na kimeshaloweshwa, na hakijakula hata uniti moja ya umeme wa LUKU.

Usidhani nakusimulia ushamba. Albert Howard, Mwingereza aliyetengeneza mboji Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, na ambaye wenye kilimo hai duniani bado wanamtaja, alikuwa na tatizo lako hilihili: mabua ya pamba, magumu kama fito. Aliyatandaza kwenye njia za shamba, mikokoteni na maksai wakapita juu yake siku hadi siku, na yalipopondeka ndipo yakaenda kutandikwa zizini na hatimaye lundoni. Alijua kinachozuia bua kuoza ni ganda lake la nje. Vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi pale maji na hewa vinapogusa. Likipasuliwa ganda, mlango umefunguka, na vijidudu havitauliza umelipasua kwa injini, kwa kwato au kwa nyundo.

Wala usitamani vipande viwe unga. Vijana wengi wanasifia mashine inayotoa kitu laini kama pumba, kisha wananiuliza mbona lundo linanuka. Linanuka kwa sababu pumba zimeshikamana, hewa haipiti. Vipande vya sentimita mbili hadi tano vinatosha. Na kukata peke yake hakuozeshi. Lundo linataka kiasi cha sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iko karibu na 20, mabua makavu karibu na 60, na vipande vya mti vinafika mamia. Ukinunua mashine ya kutafuna matawi ukarundika vipande vya mti vitupu, utakuwa na mlima wa vipande vya mti mwaka huu na mwakani. Ukivichimbia udongoni vibichi, vitainyang'anya mimea naitrojeni wakati vinaoza. Vipande vya namna hiyo tandaza juu ya ardhi, chini ya kahawa au parachichi, mbali kidogo na shina, vihifadhi unyevu. Lundoni peleka vilivyo laini, changanya na samadi na majani mabichi, lundo lisipungue mita moja kila upande, kisha lichome fimbo katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache ikiwa ya moto kiganjani, kazi inaendelea. Ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi na kunuka, pindua.

Sasa njoo kwenye matawi, maana ndiyo yaliyokufanya uitamani ile ya machungwa. Ukiipogoa migrivea na ukiikata kahawa iliyozeeka ili ichipue upya, matawi yatakuwa mengi, kweli. Lakini nenda kamwambie bibi yako kwamba matawi manene kama mkono unayasaga yawe mbolea, uone atakavyokutazama. Hizo ni kuni. Zilizonyooka ni miti ya kushikizia migomba yenye mikungu. Ukishatoa kuni na miti hiyo, mashine inabakiwa na vijiti visivyozidi kidole gumba, majani ya mgrivea ambayo yana ukaidi wa kuoza, na mabua. Ndiyo maana nasema mashine ya kutafuna magogo imetengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi ambazo matawi ni taka za kubebwa na gari la manispaa. Kwako matawi si taka.

Kinachokufaa, kama lazima ununue, ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: gurudumu zito lenye visu viwili au vitatu, na rola zinazovuta mabua kwa mwendo mmoja. Inakata mabua, matete na vijiti vibichi vyembamba, na siku ambazo humo kwenye mboji inamkatia ng'ombe, kwa hiyo haikai bure ikiota kutu. Zile zenye nyundo ndani, ndugu za kinu cha kusagia mahindi, ni nzuri kwa majani makavu na magunzi, ila angalia chekeche lake. Matundu yakiwa madogo utarudi kwenye pumba zinazonuka.

Ukishikilia umeme, fanya hesabu kabla ya kushawishika. Plagi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: haifiki wati 3,000. Nguvu ya farasi moja ni wati 746, kwa hiyo plagi yako inabeba farasi wanne tu. Muuzaji anayekuonyesha mashine ya kuchomeka ukutani iliyobandikwa farasi saba anakuuzia karatasi iliyobandikwa. Hizi za umeme za bustanini zipo za aina mbili kubwa. Moja ina diski ya visu inayozunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika, inapiga kelele mpaka mtaa wa pili, inapenda vitu vibichi. Nyingine ina gia nene inayozunguka polepole, karibu mara 40 kwa dakika, inavuta tawi yenyewe na kulipondaponda kwenye bamba. Ni tulivu, ni nzuri kwa vijiti, lakini majani laini mabichi yanaizunguka na kuganda. Zote mbili zinakula kama uniti mbili na nusu kwa saa zikifanya kazi kwa nguvu zote. Na waya wa kuvutia umeme hadi shambani usiwe ule mwembamba wa taa. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota inapata moto, inaungua, na fundi atakwambia ni mchezo wa umeme wa mtaa.

Ukiona mashine ya mtumba iliyotoka Marekani, soma kibati chake. Wao wanatumia volti 120. Bei yake itakuwa nzuri sana, na itakuwa nzuri kwa sekunde chache baada ya kuiwasha.

Za petroli zina mtego mwingine. Injini nyingi ndogo mpya zinasafirishwa bila oili ndani. Mtu anajaza petroli, anavuta kamba, inanguruma, anapiga picha, na kabla hajamaliza kuituma imeshakwama. Soma kitabu chake, jaza oili, ndipo uvute kamba.

Kile kipimo cha unene wa tawi kilichoandikwa ubavuni, punguza. Hupimwa kwa mti mbichi, laini, ulionyooka. Kahawa kavu haijui kipimo hicho. Badala ya kubishana kuhusu unene, muulize mwenye duka akuonyeshe kisu cha akiba, mkanda wa akiba na beringi ya akiba, kwa macho, si kwa maneno ya "vitakuja". Mwambie afungue mfuniko uone visu vimefungwa kwa boliti za kawaida ambazo spana ya fundi wa kijijini inazifungua. Asipotaka kuufungua, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kama huamini macho yako, karakana za SIDO na kituo cha CAMARTEC pale Arusha wanazijua zana za aina hii. Nenda ukaulize kabla ya kulipa.

Nimeliacha la mkono mpaka hapa kwa makusudi, maana ningelianza nalo usingesoma mengine. Ninawajua watu wasio na vidole kwa sababu ya mashine za majani. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wameshika bua, rola zikalivuta, na mkono haukuwahi kuliachia. Kwa hiyo mdomo wa kulishia uwe mrefu, visu visifikike hata ukinyoosha mkono wote, na kuwe na mpini wa kurudisha rola nyuma. Isiyo na hivyo viwili usiinunue hata ikiwa ya bure. Kilichokwama sukuma kwa kijiti kibichi. Ukitaka kufungua, zima, chomoa umeme au toa waya wa plagi ya injini, subiri gurudumu lisimame lenyewe, kwa sababu linaendelea kuzunguka kimya muda mrefu baada ya swichi. Hakuna kitenge, mtandio wala shati la mikono mirefu iliyolegea karibu nayo. Hakuna mtoto. Miwani ya kazi ni lazima, na zaidi ya lazima kama kuna mnyaa kwenye ua wako: utomvu wake ukirushwa na visu ukaingia jichoni, utaungua na unaweza kupofuka. Mnyaa usiupitishe kabisa. Masale ya mpakani nayo yaache yalipo. Ile ni mipaka, na siku ukiyasaga utaitwa barazani kujibu.

Ushauri wangu wa kweli ni kwamba usinunue. Mabua unayapandisha kwa msimu, si kila siku. Tafuta jirani mwenye ng'ombe wa maziwa na mashine yake, mkodi kwa siku moja, au unganeni kaya tano mnunue moja na mwandike nani ananoa visu na nani anaiweka. Ila mashine inayotembea nyumba kwa nyumba inatembea na magonjwa. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, ukagundulika Kagera mwaka 2006, na panga lisilooshwa ni miongoni mwa vitu vilivyousambaza. Kwa hiyo mgomba usiingie kwenye mashine ya wote, hata kipande. Na kabla haijavuka geti lako, omba ioshwe, itolewe mabaki yote, visu vipanguswe kwa maji yenye Jik kisha vikaushwe na kupakwa oili visishike kutu. Mwenye nayo akikataa, mlipe nauli yake arudi nayo.