Mgeni na Jembe: Je, Msaada Wamharibu Maskini?

Mwezi huu twapenda kulitazama neno moja lisemwalo sana katika sharika zetu za Musoma na Bunda na Butiama, nalo mara nyingi husemwa kwa uchungu kuliko kwa hekima. Neno lenyewe ndilo hili: Je, ni vema kumsaidia maskini mwezi baada ya mwezi, kwa fedha na kwa makao, au msaada wa namna hiyo wamharibu na kumfanya mtu wa kungoja? Wako wasemao hivi, na wako wasemao vile, na pande zote mbili hutaja Maandiko. Basi, haifai kujibu kwa haraka.

Kwanza tujue jambo lenyewe lilivyo, maana wengi hulaumu kitu wasichokifahamu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote huuita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2012 ukaanza mpango wa kunusuru kaya maskini, na baada ya miaka michache kaya zilizoandikwa zilizidi milioni moja katika nchi yetu. Mkutano wa kijiji hutaja majina ya walio maskini kuliko wengine, kisha huulizwa maswali juu ya nyumba, na mali, na idadi ya watu walao chungu kimoja, ndipo hesabu hufanywa. Katika kipindi cha kwanza msaada wa msingi ulikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na nyongeza ilitolewa kwa ajili ya watoto, kwa sharti kwamba wakubwa waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Tena zilikuwako kazi za muda, kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara na kupanda miti, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 katika mwaka. Mwenye kumaliza siku zote hizo alipata shilingi 138,000 kwa mwaka mzima. Mtu na ajiulize kama fedha hizo zaweza kumnenepesha mtu hata akaacha jembe.

Hata hivyo manung'uniko yapo, nasi hatuyadharau. Twayasikia sokoni Bunda, na mwaloni Mwigobero kwa wachuuzi wa dagaa, na njiani watu watokapo kanisani. Tukiyapanga, twaona ni matatu.

La kwanza ni hili, kwamba fedha za bure huleta uvivu. Wasemao hivyo hupenda kukumbusha methali yetu: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliitumia methali hiyo katika maandiko yake juu ya Ujamaa mwaka 1962, akifundisha kwamba katika jamaa ya kale hapakuwa na mtu wa kula jasho la wenzake hali ana nguvu zake. Neno hilo ni la kweli, nasi twalikubali. Lakini tuisome methali yote, tusiisome mkia wake tu. Methali haisemi, Siku ya tatu mfukuze. Wala haisemi, Mwambie alime. Yasema, Mpe jembe. Basi mwenyeji ana kazi tatu: kumlisha mgeni siku mbili bila kumhesabia matonge, kumtafutia jembe, na kumwonyesha mahali pa kulima. Asiyefanya haya matatu, kisha amwita mgeni wake mvivu, ameivunja methali kabla mgeni hajaivunja.

Tena twauliza: Majina yale yaliyo katika daftari la kijiji ni ya nani? Tukitazama kwa macho yetu, twaona bibi mzee aliyeachiwa wajukuu watano. Twaona mjane ambaye shamba lake la muhogo limeliwa na batobato na michirizi kahawia, wala hakupata mbegu nyingine. Twaona kipofu, na mtu aliyelala kitandani mwaka wa pili. Bibi huyu jembe analo, ila mkono wa kulishika umekwisha nguvu. Mtume Paulo, katika sura ya tatu ya waraka wa pili kwa Wathesalonike, awakemea watu wasiotaka kufanya kazi. Hakuwataja wasioweza. Mwenye kuligeuza neno hili likawapige wazee na wagonjwa ameongeza katika Maandiko neno lisilokuwamo.

Nao waliochunguza habari hii kwa utaratibu hawakuona uvivu ule unaosemwa. Kabla mpango haujaenea, ulijaribiwa katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kusudi vijiji vilivyopata msaada vifananishwe na vile ambavyo havijapata. Ikaonekana kwamba waliopata walinunua mifugo zaidi, wakajiunga na mfuko wa afya ya jamii, na watoto wao walivaa viatu kuliko wenzao. Mbuzi na viatu si mali kubwa, lakini si kazi ya mvivu. Mvivu hanunui mbuzi, maana mbuzi hutaka kuchungwa.

Nung'uniko la pili ni juu ya udanganyifu, kwamba wasiostahili wamo daftarini, na wanaostahili wamesahauliwa. Hili ni kweli, wala hatulifichi. Rais Magufuli, alipozindua kipindi cha pili mwezi wa Februari mwaka 2020, alizitaja kaya hewa makumi ya maelfu zilizoonekana, akasisitiza kwamba wenye nguvu wafanye kazi. Lakini tuangalie vizuri aliyetenda dhambi hii ni nani. Kaya hewa haina mikono. Haikujiandika yenyewe daftarini, bali iliandikwa na mtu mwenye kalamu, ajuaye kusoma na kuhesabu, na labda huketi kiti cha mbele kanisani. Kumlaumu bibi kwa ajili ya wizi wa karani ni kama kumpiga kondoo kwa kuwa fisi ameingia zizini.

Katika jambo hili Kanisa letu lina mfano wa zamani. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba kuombaomba kukomeshwe kati ya Wakristo, na kila mji uwatunze maskini wake. Mwaka 1522 mji wa Wittenberg uliweka utaratibu wa sanduku la wote, na mwaka 1523 usharika wa Leisnig ukaandika kanuni zake, naye Luther akazitolea dibaji. Sanduku la Leisnig lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake hazikuwekwa kwa mtu mmoja. Wasimamizi walikuwa kumi, wengine wa kabaila, wengine wa baraza la mji, wengine raia na wengine wakulima wa vijijini. Kutoka humo walisaidiwa yatima na wazee na wagonjwa, na fundi aliyeishiwa aliweza kukopeshwa apate kuianza tena kazi yake. Nao wenye nguvu waliokataa kazi hawakupewa. Basi hao wazee wetu hawakusema, Kwa kuwa wako wadanganyifu, tusimsaidie mtu. Walisema, Kwa kuwa wako wadanganyifu, tuweke kufuli nne.

Nung'uniko la tatu halisemwi wazi, lakini ndilo lenye mizizi mirefu. Ni kijicho. Tuseme yuko mjane akaaye katika nyumba ya nyasi, na mvua ya masika humwangukia kitandani. Akipewa fedha zake, huweka kidogo kidogo, akauza na kuku wake, hata akanunua bati, moja moja, miaka miwili. Siku ile bati zinapong'aa juu ya nyumba yake, jirani husema, "Kumbe si maskini huyu! Na atolewe." Ndugu, tufikiri neno hili. Alipokaa chini ya nyasi zilizooza tulisema ni mvivu. Alipoezeka bati tukasema ni mwongo. Je, tulitaka afanye nini? Tukimwondolea msaada kwa sababu ya bati, twawafundisha majirani zake wote kwamba ni heri kuinywea fedha kuliko kuijengea. Hapo sisi wenyewe ndio tuzaao uvivu, kisha twaulaumu.

Na katika habari ya makao twapenda kuuliza swali moja zaidi. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi wake, nao wakaruhusiwa kulipa polepole kwa miaka. Walikuwapo waliolalamika juu ya bei, lakini hatukusikia mtu akisema kwamba nyumba zile zitawafanya watumishi kuwa wavivu. Mbona basi msaada ukimwendea mwenye mshahara huitwa haki yake, na ukimwendea mwenye jembe huitwa ulemavu wa moyo? Mizani ya namna mbili ni chukizo kwa Bwana. Huko Augsburg, mji wa Ujerumani, tajiri Jakob Fugger aliwawekea maskini wa mji ule mtaa wa nyumba mwaka 1521, kwa kodi ya guldeni moja tu kwa mwaka, na kwa sharti la kuwaombea walioutoa. Mtaa ule ungalipo, na maskini wangali wakikaa humo kwa kodi ileile ya kale. Kwa miaka mia tano na zaidi mji wa Augsburg haukuharibika kwa sababu ya nyumba hizo.

Hata katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tuliyojifunza kwa moyo, Luther aelezapo ombi la riziki ya kila siku ahesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi, akataja na serikali njema na majirani waaminifu. Afundisha pia kwamba Mungu hutoa riziki hiyo hata kwa waovu, kabla hatujaomba. Basi sisi sote ni wapokeaji. Mvua ya Mara haiulizi shamba ni la nani.

Lakini tusije tukadhani kwamba hakuna hatari yo yote. Hatari iko. Mtu akipewa daima wala asiulizwe neno, wala asiitwe kutoa cho chote, mwishowe moyo wake huinama, akajiona hana kitu ila mkono ulionyoshwa. Tena wako wakubwa wapendao kuwa na maskini wao, wawashukuru na kuwafuata. Msaada wa hao ni kamba. Vilevile wako vijana wenye afya wanaokaa kwa dada yao mjini Musoma mwaka mzima, wakila na kulala, na jamaa huona haya kusema. Huyu ndiye mgeni wa siku ya tatu. Na apewe jembe, na akilikataa, aambiwe kweli kwa upendo.

Paulo atufundisha kupambanua. Katika sura ya sita ya Wagalatia asema tuchukuliane mizigo, kisha baada ya maneno machache asema kila mtu atachukua mzigo wake. Wengine wameona haya kuwa maneno mawili yanayopingana, lakini sivyo. Uko mzigo unaomwangukia mtu kama mti ulioanguka njiani, nao hauondolewi na mtu mmoja: ndio ufiwe, na ugonjwa, na njaa. Na liko furushi la safari, ambalo kila mtu hulibeba mwenyewe hata afike. Hekima ya msaada ni kuuondoa mti na kumwachia mtu furushi lake.

Hivyo ndivyo ilivyoamriwa katika Mambo ya Walawi, sura ya kumi na tisa. Mwenye shamba asivune hata pembeni, bali amwachie maskini na mgeni. Maskini naye haletewi miganda nyumbani. Huja na kuokota kwa mikono yake mwenyewe. Ruthu alifanya kazi tangu asubuhi, na Boazi akawaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi, wala wasimkemee. Humo mna msaada, na mna kazi, na mna heshima. Wazee wetu wa Mara nao walilijua jambo hili. Wakati wa njaa watu walikwenda kuhemea kwa wenzao wenye nafaka, na hakuna aliyewaita wavivu, maana kila nyumba ilijua kwamba mwaka mwingine zamu itakuwa yake. Na Wakuria wangali wakiiita risaga ile kazi ya kukusanyika watu wote kumlimia mmoja au kumjengea.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazee wa usharika, na ninyi wainjilisti, mambo manne. Msiyatangaze majina ya wasaidiwa mbele ya watu, bali wajueni kwa kuwatembelea. Msimwondoe mjane katika sanduku la usharika kwa sababu ameezeka bati au kwa sababu jina lake limo katika daftari la TASAF. Tazameni kwanza chungu chake. Mkiona nyumba ya mzee imeanguka, iteni risaga, vijana waje na nyasi na miti na misumari, maana nyumba iliyojengwa na mikono mingi haimwaibishi mwenye kukaa ndani. Na la nne, kikapu cha sadaka kisimpite maskini. Yule mjane wa Hekaluni alikuwa na senti mbili tu, na Bwana hakumzuia kuzitoa, wala hakumwambia azirudishe mfukoni kwa kuwa yeye ni mtu wa kusaidiwa. Aliwaita wanafunzi wake wapate kujifunza kwake.

Bwana na atupe macho ya kuona, na mikono ya kutoa, na moyo usiohesabu matonge ya mgeni. Amina.