Nani Aseme Katika Nyumba ya Mungu?

Kila mara uchaguzi ukaribiapo, maparoko wengi hupata ujumbe wa namna moja. Mheshimiwa fulani atahudhuria Misa ya Jumapili, naye angependa, baada ya komunyo, kuwasalimu waamini kwa dakika chache. Paroko afanyeje? Akikataa, ataambiwa ya kuwa Kanisa lina chuki na chama cha mheshimiwa. Akikubali, ataambiwa ya kuwa Kanisa limekwisha nunuliwa. Na kama mgeni huyo ni mtu ambaye watu wamegawanyika juu yake, nusu ya parokia wakimshangilia na nusu wakimlaani, basi paroko haoni njia ya kupita pasipo kumwumiza mtu.

Swali hili si dogo, wala si la maparoko peke yao. Lawahusu wakuu wa vyuo na shule zetu, na viongozi wa vyama vya kitume watayarishao makongamano. Yafaa basi tulitafakari kwa utulivu, kabla makelele ya kampeni hayajatuondolea utulivu huo.

Majibu mawili hutolewa upesi. Wa kwanza husema: Mwanasiasa asisikike kamwe mahali popote palipo pa Kanisa, maana siasa ni uchafu. Hawa wanakosea. Siasa ni utunzaji wa manufaa ya wote, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliisifu kazi ya wale wajitoleao kuwatumikia watu kwa njia hiyo. Wa pili husema: Nyumba ya Mungu i wazi kwa wote, basi kila ajaye apewe nafasi ya kusema. Hawa nao wanakosea, kwani kukaribishwa kusali si sawa na kukaribishwa kuhutubia. Mlango u wazi kwa mtakatifu na kwa mwenye dhambi. Kipaza sauti ni jambo jingine.

Jirani zetu wa Kenya wamelipitia jambo hili kwa taabu. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, Kanisa la Anglikana lilikuwa likimweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa hilo nchini humo. Wanasiasa wakubwa walihudhuria, Raila Odinga na Musalia Mudavadi miongoni mwao. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwapokea kama wageni, lakini hakuwaruhusu wapande kuhutubia. Siku chache baadaye maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitangaza vilevile, ya kuwa mahali pa ibada si uwanja wa siasa. Wengi walishangilia, maana kwa miaka mingi Jumapili ilikuwa imegeuka kuwa siku ya mikutano: waheshimiwa walitukanana mbele ya altare, kisha wakatoa bahasha, wakaondoka kwa msafara wa magari.

Kwa nini maaskofu hao walikuwa na haki? Mtu aweza kujibu kwa sheria tu. Kanuni ya 1210 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema ya kuwa katika mahali patakatifu yaruhusiwe yale tu yanayosaidia ibada, uchaji na dini, ingawa askofu aweza kuruhusu mengine yasiyopingana na utakatifu wa mahali. Lakini sheria yoyote ina sababu yake, nasi twapenda kuitafuta sababu hiyo, kwa kuwa itatufaa hata pale ambapo sheria haikusema neno.

Tumtazame mwamini aliyeketi katika benchi. Amekuja kwa ajili ya Mungu. Amekwisha kuungama dhambi zake mbele ya ndugu zake na kuwapa mkono wa amani. Moyo wake umefunguliwa. Katika hali hiyo anasimamishwa mbele yake mtu anayetaka kura yake. Mwamini hawezi kumwuliza swali. Hawezi kumkanusha, hata akijua ya kuwa asemayo ni uongo. Akiondoka ataonekana amemkimbia Mungu, na akinyamaza ataonekana amekubali. Tena maneno ya mgeni yanatoka mahali palepale ilipotoka Injili, naye padre ameketi nyuma yake kana kwamba anayathibitisha. Hapo ndipo penye dhuluma. Si kwamba mtu huyu ni mbaya, wala si kwamba maneno yake yana ubishi. Dhuluma ni kusema mahali ambapo hakuna awezaye kujibu, tena kwa mamlaka ambayo si yako.

Kipimo hiki kina faida moja kubwa: hakiangalii uso wa mtu. Mwanasiasa tumpendaye, Mkatoliki hodari, mfadhili wa kwaya, azuiliwe sawasawa na yule tumchukiaye. Wanahistoria wa kale wa Kanisa wanasimulia ya kuwa mtakatifu Ambrosi wa Milano alimtaka kaisari Theodosi atoke mahali pa makleri, akasimame pamoja na walei wengine. Theodosi hakuwa mpagani. Alikuwa Mkristo mbatizwa na mlinzi wa Kanisa. Hata hivyo alipelekwa mahali pake. Tukimzuia adui na kumpandisha rafiki, hatulindi utakatifu wa kanisa, tunafanya kampeni.

Fedha nayo haina budi kutajwa, maana mara nyingi hotuba ile fupi hulipiwa. Watu husema mkono mtupu haulambwi, na mheshimiwa hafiki mikono mitupu. Tarehe 17 Novemba 2024 Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto mjini Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za Kenya kwa nyumba ya mapadre na fedha nyingine kwa kwaya, akaahidi na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe, na ahadi isipokewe. Siku chache kabla ya hapo maaskofu wa Kenya walikuwa wameikosoa serikali waziwazi. Twafahamu uchungu wa Wakristo wa parokia ile, maana nyumba ya padre ni haja ya kweli. Lakini fikiri, msomaji: baraza la parokia likiwa limepanda basi la mheshimiwa kwa mwaka mzima, litamwambia nini siku atakapokosa? Zawadi ile nayo ni hotuba isiyojibika.

Hata hapa wengine watasema: Basi tufunge na kumbi pia, na vyuo, tupate kupumzika. Sivyo. Tutazame mifano miwili ya Marekani, nchi ambayo imelibishania jambo hili kuliko nyingi.

Tarehe 17 Mei 2009 Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki, kilimkaribisha Rais Barack Obama ahutubie mahafali, kikampa na shahada ya heshima ya sheria. Rais huyo alitetea sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Maaskofu wa Marekani walikuwa wamekwisha kusema, mwaka 2004, ya kuwa taasisi za Kikatoliki zisiwape tuzo, heshima wala majukwaa wale wapingao misingi ya maadili, pale ambapo kufanya hivyo kungeonekana ni kuunga mkono matendo yao. Askofu wa mahali, John D'Arcy, hakuhudhuria. Mama Mary Ann Glendon, profesa wa sheria aliyekuwa amewahi kuwa balozi wa nchi yake kwa Papa, alikuwa apewe nishani siku hiyohiyo, aliikataa. Sababu yake yastahili kukumbukwa. Chuo kilikuwa kikisema ya kuwa hotuba yake yeye ingeleta mizani. Naye akaona ya kuwa mahafali, siku ya furaha ya vijana na wazazi wao, si mahali pa kushindania jambo zito kama hilo, wala maneno mafupi ya kupokea nishani hayatoshi kulijibu.

Mama huyo aliona vema. Kosa halikuwa kumsikiliza Rais. Kama angekaribishwa kwa mhadhara, akaketi mbele ya wanafunzi na walimu, akaulizwa juu ya uhai wa mtoto asiyezaliwa na kutakiwa ajibu, chuo kingefanya kazi yake ya chuo. Lakini alivikwa joho, akapewa heshima, akasema mbele ya watu ambao adabu ya sherehe iliwataka wanyamaze au wapige makofi. Mahafali si Misa. Walakini katika jambo hili yanafanana na Misa.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki, aligombea urais. Waprotestanti wengi waliogopa ya kuwa akichaguliwa atatawala kwa amri ya Roma. Chama cha wachungaji wa mji wa Houston, Texas, kilimwita. Tarehe 12 Septemba alikuja. Hawakumpeleka mimbarini mwa kanisa lao. Walikutana katika ukumbi wa hoteli. Alisema kwa muda mfupi, kisha wachungaji wakasimama mmoja mmoja wakamwuliza maswali makali juu ya imani yake na dhamiri yake, naye akajibu, taifa likitazama. Hakuna aliyedhani ya kuwa wachungaji wale wamemkubali kwa sababu walimwalika. Wala hawakujidhalilisha. Walimtendea kama mtu mzima, nao wakatendewa vivyo hivyo.

Iko hoja moja nzito ambayo hatuwezi kuikwepa. Mtu aweza kutuambia: Ninyi mwasema mwanasiasa asiseme pasipojibika, lakini maaskofu wenu je? Mwezi wa Agosti 2023 maaskofu wa Tanzania walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na kampuni ya Dubai, likasomwa makanisani. Ni nani aliyesimama kulijibu?

Twajibu hivi. Mtaguso uleule uliosema ya kuwa Kanisa halifungamani na utaratibu wowote wa siasa, ulisema pia ya kuwa lina haki ya kutoa hukumu ya maadili hata katika mambo ya siasa, inapohitajiwa na haki za msingi za mtu au wokovu wa roho. Askofu afundishapo yumo katika kazi aliyowekewa, wala hatafuti kura. Hata hivyo, kipimo tulichokishika kinatudai na sisi. Padre atumiapo mimbari kumtaja mgombea wake, hatofautiani hata kidogo na mgombea aliyejipandisha mwenyewe. Na pale maaskofu wanenapo juu ya sheria au mkataba, ambapo Wakristo wema waweza kuwa na mawazo mbalimbali juu ya njia, yafaa baada ya Misa pawe na ukumbi ulio wazi, Wakristo waulize na wapinge kwa heshima, na padre awe tayari kujibu. Mchungaji aogopaye swali la kondoo wake amepungukiwa na kitu.

Basi, paroko apatapo ujumbe ule tuliotaja mwanzoni, twaona ya kuwa aweza kujibu hivi bila woga: Karibu Misani, Mheshimiwa. Utaketi pamoja na wenzako mbele ya Mungu, wala jina lako halitatangazwa. Sadaka yako itie kikapuni, kama ya mjane, pasipo mtu kuihesabu. Na kama una neno la kuwaambia watu, Jumamosi ukumbi wetu utakuwa wazi; mpinzani wako ataalikwa kwa masharti yaleyale, na nusu ya muda itakuwa ya maswali.

Mheshimiwa anayetaka kweli kusikilizwa na watu ataipokea karata hiyo ya Jumamosi. Anayekuja Jumapili tu, tena kwa kuwa Jumapili haulizwi, amekwisha kutuambia ni mtu wa namna gani.