Jina Lililostaafu

Tuseme unafungua daftari la wagonjwa la wilaya ya Biharamulo la mwaka 1995. Safu ya makazi inasema: Chato, Biharamulo, Kagera. Unafungua la Ngara la mwaka huohuo, nalo linasema: Benaco. Leo Chato ni wilaya inayojitegemea, na tangu 2012 imo mkoa wa Geita. Benaco nako bado kupo, lakini ni mji mdogo wa barabarani. Kambi iliyobeba jina hilo, iliyopokea umati wa Wanyarwanda waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, ilikwisha wakimbizi waliporejeshwa kwao Desemba 1996. Mahali pa kwanza palibaki, pakabadili mzazi. Pa pili jina lilibaki, kilichoitwa kikaondoka. Na karani hakukosea hata mara moja. Aliandika kweli ya siku ile.

Majina ya magonjwa nayo huzeeka kwa njia hizohizo mbili.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuyaona mauti hayo, wakayaita Juliana, jina la kitambaa kilichovuma sokoni. Ni rahisi kusema Juliana ni UKIMWI, tubadilishe neno tuendelee. Lakini ndani ya Juliana mlikuwa na mambo ambayo neno UKIMWI haliyabebi: biashara ya mpakani, shutuma, na woga wa watu walioona vijana wao wakikonda bila kujua kwa nini. Ukilifuta jina hilo unafuta pia ushahidi kwamba kulikuwa na miaka ya kutojua.

Malaria inatufundisha jambo gumu zaidi, kwa sababu neno halikubadilika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka kikaenea hadi kwenye zahanati. Kabla yake, katika zahanati nyingi, mtoto mwenye homa aliandikwa malaria kwa dalili tu. Ukijumlisha malaria ya 1995 na malaria ya leo kwenye safu moja, unajumlisha dhana na kipimo. Hesabu itakuwa sahihi na maana itakuwa ya uongo.

Wanaotunza istilahi za tiba za kimataifa wamelifikiria jambo hili kwa makini. Katika mfumo wa SNOMED CT, ambamo kila dhana ya tiba ina msimbo wake wa namba, msimbo uliopitwa na wakati haufutwi, na namba yake haipewi dhana nyingine kamwe. Unastaafishwa, sababu inaandikwa: ulirudiwa, ulikosewa, ulizeeka, au ulikuwa na utata. Kisha unaelekezwa kwa mrithi wake, akiwepo. Ule wenye utata huonyeshwa warithi kadhaa, na hapo mashine haiwezi kuamua. Lazima atafutwe mtu mwenye faili la mgonjwa mkononi.

Naona heshima kubwa katika kanuni hiyo. Inakiri kwamba maana haikai ndani ya neno peke yake. Inakaa kati ya neno, siku lilipoandikwa, na mtu aliyeugua. Ukilitoa neno kwenye siku yake ukalivika ujuzi wa leo, umemsingizia aliyeandika, na umemsingizia mgonjwa pia.

Januari 2025 Biharamulo ilipata mtihani wa kanuni hiyo. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa kuzuka, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa na wote walikuwa wamefariki. Wawili tu walithibitishwa maabara. Wanane walikufa bila kuthibitishwa maabara, wakaandikwa kuwa ni wagonjwa wanaodhaniwa. Ingekuwa rahisi kuwapandisha wote kumi daraja moja, au kuwaacha wanane nje ya orodha. Hakuna lililofanyika kati ya hayo. Walihesabiwa, na shaka yetu ikaandikwa pamoja nao. Neno "wanaodhaniwa" halikuwapunguzia utu. Liliulinda, kwa kuwa halikusema juu yao zaidi ya tulichokijua.

Madaftari ya zamani yanahamishiwa kwenye kompyuta, na siku moja kijana wa Ngara au Biharamulo atakutana na neno asilolijua, lililoandikwa na tabibu ambaye huenda sasa ni marehemu. Namsihi asilisahihishe, bali alinakili lilivyo, kisha aandike kando yake msimbo wa leo, tarehe, na jina lake yeye aliyefasiri. Toleo la 11 la ainisho la kimataifa la magonjwa lilianza kutumika Januari 2022, na halitakuwa la mwisho. Atakayekuja baadaye atalikuta neno la tabibu na fasiri ya kijana vimekaa bega kwa bega, na atahitaji vyote viwili, kwa sababu hata fasiri hiyo itakuwa imezeeka.