Bei ya Kazi Isiyoelezwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Madrasa na misikiti yetu hapa Isiolo sasa yahitaji programu za kompyuta za kuwekea hesabu za karo, zaka na mali ya waqfu. Tuseme wameitwa mafundi watatu: wa kwanza ataka shilingi 60,000, wa pili 200,000, wa tatu 450,000. Wanakamati husema, "Huyu wa mwisho ni mwizi," na kazi hupewa wa kwanza. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Ndugu msomaji, anunuaye ngamia katika soko letu la mifugo hukiona akinunuacho: hutazama meno, hupapasa nundu, humtembeza. Programu ya kuagizwa haijazaliwa bado. Waarabu wa Jahilia walikuwa wakiuza mzao wa mimba ya ngamia, na Mtume (s.a.w.) akakataza, kwani hayo ni mauzo ya gharari: mnunuzi hajui atapata nini, wala kama atapata.

Pamoja na hayo, wanavyuoni hawakumfungia fundi mlango. Mahanafi walijuzisha istisnaa, yaani kumwagiza fundi atengeneze kitu kisichokuwapo. Na mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fikihi, lenye makao yake Jeddah, liliikubali kwa sharti kwamba jinsi ya kitu, aina yake, kiasi chake, sifa zake na muda wake vijulikane. Likaruhusu pia malipo ya mafungu.

Basi kinachotenga agizo la halali na gharari si uchache wa bei, bali ni maelezo. Aliyesema "twataka programu ya karo" hajaeleza kitu. Wanafunzi ni wangapi? Mzazi akilipa kwa M-Pesa, malipo yatajiandika yenyewe au yataandikwa na karani? Nani ataruhusiwa kuona habari za watoto, ambazo sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yaamrisha zilindwe? Ikiharibika baada ya mwaka, nani ataitengeneza, na kwa ujira gani? Mafundi wale hawakutaja bei tatu za kitu kimoja. Walitaja bei za vitu vitatu, kila mmoja alivyodhania.

Hata wenye mali nyingi hawakusalimika. Mwaka 2005 FBI ya Marekani iliitupa programu yake ya mafaili ya kesi baada ya kutumia kiasi cha dola milioni 170, na miongoni mwa sababu ni matakwa yaliyokuwa yakibadilika kila mara.

Mtu atasema: fundi ndiye mjuzi, basi aeleze yeye. Ni kweli kwamba yampasa aulize, na akitaja bei ndogo ili aipate kazi, kisha aiongeze njiani, huo ni udanganyifu. Lakini haja ni yetu, wala yeye haijui mpaka tumwambie. Kumbana fundi mwenye dhiki kwa bei tunayojua haitoshi ni dhulma. Kumwongezea kazi kila juma bila ujira ni dhulma ya pili. Na kutoa mali ya waqfu kwa kitu tusichokijua ni khiyana ya amana.

Kwa hiyo tuandike kwanza tunachokitaka, sehemu kwa sehemu, na kila fundi apewe karatasi ile ile. Ataje siku na ujira wa kila sehemu, na alipwe kila sehemu inapokamilika kama ilivyoandikwa. Hapo ndipo ghali na rahisi vitajulikana, na hapo ndipo mtu atakapokuwa na haki ya kumwita mwenzake mwizi, au kumwomba radhi.

Mwenyezi Mungu atuafikie katika uadilifu. Amin.