Vyuo Viwili, Kijana Mmoja

Kijana wa Liganga, mkoani Njombe, akimaliza kidato cha sita katika masomo ya sanaa, nyumba nzima hushauriana: aende chuo gani? Akitaka ualimu au sheria, vyuo viwili vya Kanisa vyamfundisha: Ruaha, pale Iringa, kilichoanza mwaka 2005, karibu zaidi na nyumbani, na Mtakatifu Augustino, Mwanza, chenye asili katika chuo kilichofunguliwa Nyegezi mwaka 1960, safari ndefu.

Wengi huuliza, "Kipi kina jina kubwa?" Sisi twasema swali hilo halitoshi, maana jina la chuo halimsomei mtu. Yafaa kuuliza: ni kipi kitakachomzoeza kufikiri kwa makini na kupenda ukweli? Na gharama italipwa kwa jasho la nani? Ikiwa wadogo zake wataondolewa shuleni ili yeye aende mbali, chuo hicho si chema kwake, hata kikisifiwa namna gani.

Vyote viwili vikifaa, wazazi na wamshauri, lakini achague mwenyewe. Chuma kimelala katika milima ya Liganga tangu zamani, wala hakiwi jembe mpaka kipite motoni. Akili nayo ni vivyo hivyo: tanuri lolote jema lafaa, mradi kijana aukubali moto.